Bandari Iliyoletwa Kitandani

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa shingo upande. Hakuwa na kiburi wala hakuwa mnunaji. Alizaliwa hivyo tu. Ukimsalimu asubuhi kwenye karakana yake ya kutengeneza maboti, atakuitikia vizuri, atatabasamu, atakusogezea kigoda ukae, kisha atarudi kwenye randa yake. Unaweza kukaa hapo mpaka mchana usisikie kingine ila mbao zinavyolalamika. Watu wa bandarini walishamzoea. Walikuwa wakisema kwamba Fundi ukimpa siri huna haja ya kumwapisha, kwa kuwa hata yasiyo siri hayamtoki.

Mungu naye akampa mke aliyejaliwa maneno ya watu wawili. Mkewe ndiye aliyeuza dizeli kwenye pampu ya gatini, na kwa hiyo bandari nzima ilimwita Mama Pampu. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama pale na mpira wake wa mafuta, na hakuna boti lililoingia au kutoka bila kupita mikononi mwake. Bandari yenyewe ilikuwa ndogo: gati moja la saruji, ghala la bati, kiwanda cha barafu, winchi moja yenye kutu, ofisi ya msimamizi, na mteremko wa kuvutia maboti nchi kavu. Karakana ya Fundi ilikuwa juu ya mteremko huo. Mgeni angeweza kuipita bandari hiyo bila kugeuza shingo. Lakini kila jioni Mama Pampu alirudi nyumbani na habari zake tele: nahodha gani kagombana na nani, feri imechelewa kwa sababu gani, nani kanunua injini mpya na nani kadanganywa akauziwa kuukuu. Fundi alisikiliza, akala, akacheka panapochekesha. Ndoa yao ilikwenda hivyo miaka thelathini na mmoja, mmoja akisema na mwenzake akisikiliza, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Mpaka siku Mama Pampu alipoteleza.

Aliteleza kwenye ngazi tatu za pampu, mchana kweupe, mbele ya watu, na mwenyewe alisema kilichomuuma zaidi ni kwamba aliteleza kwenye dizeli yake mwenyewe. Mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti. Hospitalini wakamfunga plasta kutoka vidoleni mpaka pajani, wakamwambia akae kitandani wiki sita, mguu juu ya mito, asiukanyagie.

"Wiki sita!" alisema Mama Pampu walipomrudisha nyumbani. "Si bora mngenifunga na mdomo kabisa!"

Chumba chao kilikuwa ghorofa ya pili, na dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Kwenye ukuta huo kulikuwa na bomba la maji linalovuja na kamba ya kuanikia nguo. Hiyo ndiyo dunia aliyobakishiwa Mama Pampu. Dada yake Fundi alihamia kwao ili apike na kumsaidia wifi yake, na kwa siku mbili za mwanzo mawifi hao wawili walizungumza mpaka wakamaliza yote yaliyokuwa duniani. Siku ya tatu Mama Pampu akaanza kumsubiri mumewe arudi kazini, macho mlangoni.

"Haya," alimwambia hata kabla hajavua viatu. "Bandarini kukoje?"

"Kuzuri," akasema Fundi.

"Kuzuri vipi?"

Fundi akafikiri. Aliona wazi kwamba anatakiwa aongeze kitu. "Kuzuri tu," akasema.

Mama Pampu akavuta pumzi. "Feri je?"

"Imekuja."

"Halafu?"

"Ikaondoka."

Mto ulimpata Fundi begani. Haukumuumiza, lakini ulimshtua, kwa kuwa katika miaka thelathini na mmoja hajawahi kurushiwa kitu. Mkewe aligeuza uso akaukabili ukuta. Wifi mtu, aliyekuwa mlangoni na sahani ya wali, aliirudisha jikoni kimyakimya. Baadaye alimvuta kaka yake pembeni.

"Kaka, mguu wa huyu utapona," alisema. "Lakini wewe ukiendelea kumpa habari kwa kijiko cha chai, tutamzika na plasta yake."

"Nami niseme nini?" akauliza Fundi, na kwa kweli alikuwa na huzuni. "Yeye ndiye anayejua kuona mambo. Mimi naona mbao."

Kesho yake mchana, watu walipokwenda kula, Fundi alikaa juu ya boti lililopinduliwa mbele ya karakana, akashika tama. Alijaribu kukariri habari za kumpelekea mkewe. Boti la mizigo limefungwa hapa, tishari, lile boti bapa la kukokotwa, limehamishwa pale. Kila akijaribu kuzipanga kwa maneno zinamponyoka. Basi, bila hata kukusudia, akatoa penseli yake sikioni, ile penseli nene ya useremala isiyoviringika, akachana upande wa boksi la misumari, akaanza kuchora.

Kuchora hakukuwa jambo geni kwake. Hakuna seremala wa maboti asiyechora. Alikwisha kuchora mbavu za maboti, mikuku, mikunjo ya mbao, yote kwa vipimo. Lakini hajawahi kuchora mahali. Alianza na gati, kwa rula, kwa sababu gati limenyooka na halikumtisha. Akalipima ghala kwa kidole gumba, jicho moja limefumbwa. Akaiweka winchi. Akaweka maboti, kila moja mahali pake na kamba zake. Watu aliwachora wembamba wenye vichwa bapa, mfano wa misumari. Maji ndiyo yaliyomtoa jasho. Kitu kisichotulia utakipimaje? Mwishowe alipiga mistari michache, akaacha palipobaki peupe.

Jioni alimpa mkewe lile boksi bila neno, akasimama pembeni mikono nyuma.

Mama Pampu alilitazama. Akalisogeza kwenye taa. Akaligeuza huku na huku, mpaka Fundi akajuta. Kisha mabega ya mkewe yakaanza kutikisika.

"Baba watoto," alisema, akijifuta machozi ya kicheko, "huyu ng'ombe kapandaje gatini?"

"Winchi hiyo."

"Winchi! Wifi, njoo uone winchi yenye pembe!" Alicheka mpaka akaushika mguu wake. Lakini macho hayakutoka kwenye picha. "Ngoja, ngoja. Tishari mbona liko huku? Si lilikuwa mbele ya ghala?"

"Wamelihamisha. Boti la saruji linakuja."

"Nani kalihamisha?"

"Bwana Filimbi." Huyo ndiye msimamizi wa bandari, aliyetembea na filimbi shingoni na kuipuliza hata pasipo na sababu. "Alipuliza mpaka akakohoa."

"Alikohoa? Ikawaje?"

"Akapewa maji. Akapaliwa na maji."

Mama Pampu alipiga makofi. Dada mtu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamtazama kaka yake kana kwamba boksi la misumari ndilo lililosema. Usiku huo mpaka chakula kinaliwa mkewe alikuwa akiuliza, kidole kikitembea juu ya picha, na Fundi alikuta kwamba kila mahali kidole kilipogusa alikuwa na jibu. Alikuwa ameviona vyote. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha pa kuanzia.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila mchana Fundi alichora, kila jioni picha ikasomwa kitandani kama gazeti. Na bandarini hakuna jambo linalofichika. Siku ya nne tu mwenye kiwanda cha barafu alikuja karakanani, akachungulia begani mwa Fundi, akasema lango lake limepakwa rangi mpya na katika picha haionekani.

"Penseli ni nyeusi," Fundi alimweleza.

"Basi andika. Andika hapo: 'lango la bluu'."

Fundi akaandika. Hapo akawa amewafungulia mlango na wengine. Bwana Filimbi akaja kulalamika kwamba tumbo alilochorewa si lake. Fundi, ambaye hakujua kusema uongo hata kwa penseli, alilitazama tumbo, akaitazama picha, akafuta kidogo sana. Nahodha mmoja wa boti la mizigo aliyeitwa Kelele, kwa vile alizungumza na aliye mbele yake utadhani yuko ng'ambo ya maji, alisimama dakika ishirini bila kutikisika, mkono kiunoni, boti lake nyuma yake. Jioni Mama Pampu akauliza ni nani aliyesimika mti gatini.

"Kelele," akasema Fundi.

"Kasimama kimya?"

"Kabisa."

"Basi na hiyo nayo ni habari. Nipe simu nimpigie mkewe."

Wiki ya nne Bwana Filimbi alimletea Fundi kalenda kubwa ya ukutani ya mwaka uliopita, iliyokuwa nyeupe kwa nyuma, akamwambia kwa sauti ya kiofisi kwamba vipande vya boksi haviipi bandari heshima. Fundi alifurahi kimoyomoyo. Jumamosi hakushika randa. Alikaa juu ya mteremko tangu saa nne asubuhi mpaka saa nane, akaichora bandari nzima kuanzia mnara wa taa mpaka kwenye mawe ya mwisho. Aliihesabu hata mistari ya mabati ya ghala. Winchi safari hii ilifanana na winchi. Alipomaliza alikuwa na mikono myeusi hadi viwikoni na njaa ya kuumiza, lakini alishuka mtaani akitembea haraka kama kijana aliyebeba barua ya mchumba.

Saa tisa picha ilikuwa imetandazwa juu ya shuka, plasta ikiwa imeikandamiza upande mmoja. Kwa mara ya kwanza Mama Pampu hakucheka.

"Mume wangu," alisema taratibu. "Hii ni nzuri. Hii ni nzuri kweli." Kidole kikaanza safari yake ya kawaida, pampu, ghala, feri, barafu. Kilipofika karibu na mawe, kwenye boti la Kelele lililofungwa peke yake, kikasimama. "Huyu kapakia nini?"

"Hajapakia. Anapakia Jumatatu."

"Basi umekosea."

"Wapi?"

"Hapa nyuma. Boti tupu halikai hivi. Ule mstari mweupe wa ubavuni mbele unaonekana, nyuma umezama."

Fundi akainama. Akatoa rula mfukoni, akapima mbele, akapima nyuma. "Sikukosea," akasema. "Ndivyo lilivyokuwa."

"Una hakika hukuteleza mkono?"

"Mkono wangu unaweza kupunguza tumbo la mtu," alisema Fundi, "lakini hauzamishi boti."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema kwa mfululizo, na wakati mwingine mkewe angeishangilia. Sasa alikuwa amekwisha kuishika simu.

"Miaka ishirini na miwili nalijaza tangi lake," alisema huku akibonyeza. "Tangi likiwa limejaa pomoni mstari ule unabaki juu ya maji kiasi cha kiganja. Boti lile linakunywa maji, baba watoto. Linakunywa sasa hivi."

Simu ya Kelele iliita mpaka ikakatika. Akampigia Bwana Filimbi.

"Bwana Msimamizi, toka nje utazame boti la Kelele. Linazama nyuma."

"Mama Pampu," ilisikika sauti ya kuvumilia, "wewe si uko kitandani? Boti umelionaje?"

"Nimeliona kwenye picha!"

Upande wa pili kilisikika kicheko. Mama Pampu alimgeukia mumewe ili amwambie aende, lakini Fundi hakuwepo. Walisikia kandambili zake zikipiga ngazi kuteremka, mbili mbili.

Alikimbia mtaa mzima na mkoba wa zana begani, mtu wa miaka hamsini na minane ambaye hakuna aliyewahi kumwona hata akitembea kwa haraka. Muuza viatu alisimama. Fundi wa cherehani alitoa kichwa dirishani akauliza kumeungua wapi. Njia nzima Fundi alikuwa akijilaumu. Kwa muda wa saa nne nzima alilitazama boti lile! Yeye, seremala wa maboti, alilipima kwa kidole na kwa jicho, akalihamishia kwenye karatasi likiwa linazama, akaenda zake kula. Aibu ilimkimbiza kuliko hofu.

Alipofika, Bwana Filimbi alikuwa amesimama mwisho wa gati, hacheki tena. Bila picha usingejua, lakini ukishaambiwa ulikuwa unaona: boti lilikuwa limekalia nyuma kama mtu mzima aliyechoka. Fundi aliruka ndani, akafungua kifuniko cha sakafu. Maji meusi yalikuwa yamefika magotini, na chini kabisa, karibu na tezi kule nyuma, alisikia sauti ndogo ya maji yanayoingia bila haraka, kama bomba la jirani yao.

"Pampu!" alipiga kelele. "Ndoo! Watu!"

Bandari nzima iligeuka. Sauti ya Fundi wengi walikuwa hawaijui, wakaja mbio ili kwanza waone ni ya nani. Bwana Filimbi alipuliza filimbi, na mara hii ilikuwa na maana. Wakaja wapakizi, wakaja watu wa feri, wakaja wa barafu na ndoo zao. Pampu ya mkono ikafungwa, ndoo zikapita mkono kwa mkono. Fundi alizama na taa mdomoni mpaka maji yakamfika kidevuni, akapapasa ubao kwa ubao, mpaka vidole vikaupata ufa. Pamba na lami iliyoshindiliwa kati ya mbao mbili ilikuwa imeoza ikatoka, urefu wa mkono mzima. Akaishindilia pamba mpya kwa patasi na nyundo, pigo baada ya pigo, akaifunika kwa kipande cha turubai na ubao, akapigilia misumari chini ya maji kwa kupapasa. Sauti ile ndogo ikanyamaza.

Kelele aliwasili kazi ikiwa imekwisha, akitweta. Alikuwa kwa kinyozi, simu iko kwenye koti, koti liko msumarini. Nusu ya ndevu zake zilikuwa zimenyolewa na nusu bado, na shuka ya kinyozi ilikuwa ingali shingoni. Alilitazama boti lake, akamtazama Fundi aliyelowa chapachapa.

"Jumatatu ungelipakia saruji," Bwana Filimbi alimwambia. "Usingefika hata kwenye mnara."

Kelele alikaa chini palepale gatini. "Nani kaliona?" akauliza kwa sauti ya kawaida, ya watu wote.

"Mke wangu," akasema Fundi.

Jioni hiyo, mabega yake yakiwa na taulo na mkononi kikombe cha chai ya moto, Fundi alisimulia. Hakuulizwa, alisimulia tu, tangu kandambili iliyokatika mkanda hadi nusu ndevu. Mama Pampu alisikiliza mdomo wazi, akaisahau hata chai yake. Alipofika mwisho Fundi aliinamisha kichwa. "Nimelitazama saa nne nzima, mama. Sikugundua."

"Wewe ulikuwa kazini," akasema mkewe, akimpapasa mkono ulioingiwa na vibanzi vya mbao. "Unadhani mimi nikimwaga mafuta huwa naona? Nimelala mguu juu kama malkia, nisingeona ningekuwa na kazi gani?" Kisha akaongeza, "Hebu rudia pale kwa kinyozi."

Kesho yake Kelele alikuja kuwatembelea na kapu la machungwa, ndevu zimekamilika. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akashukuru kwa heshima zote, akaahidi kwamba kuanzia sasa boti lake litapandishwa mteremkoni kila mwaka na Fundi ndiye atakayelikagua. Alizungumza kwa unyonge hadi Mama Pampu akamwambia, "Shemeji, ongeza sauti kidogo, sikusikii."

Bwana Filimbi naye aliitaka ile picha. Alisema ni nyaraka, na mahali pa nyaraka ni ofisini. Mama Pampu alimwambia picha ni ya mgonjwa na mgonjwa bado hajapona. Walivutana kwa simu siku tatu. Hatimaye ilikubaliwa kwamba Fundi atachora nyingine kwa ajili ya ofisi, kwa fremu ya mbao atakayoiranda mwenyewe. Ile ya kalenda ilibaki chumbani, ikapigiliwa karibu na dirisha, ikawa ukuta wa jirani hauna mtu wa kuutazama tena.

Plasta ilipokatwa mguu ulitoka mwembamba na mweupeweupe, na Mama Pampu alisema umefanana na wa mtu mwingine. Wiki mbili baadaye aliteremka gatini kwa magongo, Fundi akiwa nyuma yake hatua moja, mikono mbele kama anayesubiri kudaka mtungi. Alikataa kushikwa. Kwenye zile ngazi tatu alikuta pamewekwa kishikio cha mbao, kimelainishwa mpaka kinateleza kwa mkono, na hakuhitaji kuuliza ni cha nani. Maboti matano yalikuwa yamepanga foleni kumsubiri, ingawa manne kati yake, alikuja kugundua, hayakuhitaji mafuta.

Siku hizi Fundi huchora Jumamosi. Binti yao aliyeolewa mbali alimtumia daftari la karatasi nene na penseli za aina sita, na zote amezinoa kwa patasi. Bado ni mtu wa maneno machache, msidanganyike, ila sasa ukimkalia karakanani anaweza kukuonyesha kitu kwa ncha ya penseli na kukuuliza, "Pale umepaona?" Wiki iliyopita mvua kubwa ilinyesha. Watu wote walikimbilia ghalani, akabaki yeye chini ya ukingo wa paa la karakana, daftari gotini, akitaka kujua mvua inachorwaje. Mama Pampu alikuwa akimwita kutoka kwenye kibanda cha pampu kwamba karatasi inalowa, kwamba atapata mafua, kwamba nani atamuuguza. Fundi aliinua kidole kimoja kumwomba amngojee kidogo, akainamia karatasi tena.